Paa la Bibi wa Kona

Mtaa mzima ulimwita Misumari, kwa sababu tangu ujana wake alipanda juu ya mapaa na misumari imejaa mdomoni. Mkewe alipenda kusema hizo ndizo saa pekee za amani alizopata katika ndoa yake, maana mume akiwa kazini hawezi kujibu. Akishuka, mdomo ukiwa mtupu, hapo ndipo majigambo yalipoanza. Na tumpe haki yake, cha kujivunia alikuwa nacho. Mapaa aliyoezeka hayakuvuja, wala hakuna hata bati moja lililowahi kuondoka na upepo.

Alikuwa na mtindo wake wa kukabidhi kazi. Hampi mwenye nyumba funguo mpaka mvua ya kwanza inyeshe, naye fundi alale chini ya paa lile peke yake, kwenye mkeka, bila shuka. Akiamka mkavu, ndipo anapoita wenyewe wahamie. Wengine walimcheka, lakini aliyetaka kujenga alimfuata yeye.

Basi redio ilipotangaza kwamba kimbunga kikubwa kinakuja, na gari la kipaza sauti likapita kuwahimiza watu wahamie shule ya kilimani, watu hawakuangalia mbingu. Waliangalia nyumba ya Misumari.

Mwenyewe alikuwa ameshaamua. Mkewe na watoto wataondoka, yeye atabaki kulinda nyumba.

"Utailinda na nini, baba watoto?" mkewe alimuuliza, huku akifunga godoro kwa kamba. "Wamesema bahari itapanda mpaka huku. Maji nayo utayapigia msumari?"

"Paa hili haling'oki, hata lije jini."

"Mimi nimekuuliza habari za paa?"

Misumari akasingizia anakwenda kumwona Bibi wa Kona.

Bibi huyu hakuwa bibi yake wa kuzaliwa. Alikuwa mjane wa nyumba ya mwisho, ile ya kona iliyo karibu kabisa na maji, na ndiye aliyempa Misumari kazi yake ya kwanza wakati wengine wote walisema huyu bado mtoto, atatuangushia mabati kichwani. Tangu hapo fundi alimpenda kama mtu wa damu yake. Alimkuta dirishani anamenya viazi, hana habari.

"Bibi, inuka nikupeleke kilimani. Lori linapakia."

"Na wewe unapanda?"

"Mimi nabaki. Lazima mtu awepo nyumbani."

"Basi na mimi nabaki."

"Aa, Bibi! Tangulia, nitakufuata baadaye."

"Sawa. Na mimi nitafuata baadaye." Akachukua kiazi kingine. "Mjukuu wangu, wewe ndiye uliyelala humu kabla yangu. Kama paa halimtishi fundi wake, linitishe mimi kwa nini? Hata wale wa ng'ambo wamesema hivyo hivyo. Misumari akikaa, wanakaa."

Misumari alichungulia nje. Kweli bwana, ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamekaa barazani, mikono mapajani, wanamtazama yeye. Hakuna aliyefunga hata kikapu. Maisha yake yote alitaka watu wamwamini, na sasa walikuwa tayari kufa kwa kumwamini. Mapaa aliyajua, hilo halina ubishi. Lakini maji yakija kwa chini yeye anajua nini? Hajawahi kuchimba hata msingi wa banda la kuku.

Alichuchumaa mbele ya Bibi.

"Bibi, naogopa," alisema.

Kisu kilisimama. "Wewe? Unaogopa nini?"

"Maji. Paa litakaa, najua. Chini ya paa sijui lolote. Naondoka na mke wangu sasa hivi, na bila wewe siondoki."

Bibi alimkazia macho kuona kama anatania. Kisha akaweka kisu chini. "Niletee viatu vyangu."

Misumari alimbeba mgongoni na kupita naye katikati ya barabara, polepole makusudi, huku akipaza sauti: "Misumari anakimbia! Njooni mnicheke kilimani!" Mkewe, aliyekuwa juu ya lori, alicheka mpaka akatoa machozi, ingawa baadaye alikiri kwamba hayakuwa ya kicheko peke yake. Barazani mmoja akainuka, halafu jirani yake, halafu wote wakawa wanaita watoto na kuburuta magodoro.

Kimbunga kilifanya yake. Maji yalipopungua walirudi, na mapaa ya Misumari yalikuwa pale pale, hakuna bati lililoinuka, kama alivyotamba siku zote. Waliingia kwa Bibi. Tope lilikuwa limepaka kuta zote kutoka chini mpaka juu, na godoro la Bibi lilikuwa limenasa darini, katikati ya mbao alizozipigilia Misumari mwenyewe. Misumari akashika fremu ya mlango.

Bibi naye aliliangalia lile godoro.

"Paa ni zima," alisema.

"Zima, Bibi."

"Basi safisha, halafu ulale wewe kwanza. Ukiamka mzima, nitahamia."

Misumari alifuta macho kwa mkono wa shati, akaenda kutafuta koleo.