Mzigo Mzima, Mzigo Mbovu na Neno "Salama"

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kutoa mizigo, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, Mudir, mkuu wetu wa ofisi, aliniuliza nimesomea nini Ulaya. Nikamwambia lugha ya kompyuta ambayo programu zake hutungwa kwa fomula, si amri juu ya amri.

"Bi Rayya, mizigo inajua fomula?"

"Itajifunza," nikamjibu. Nna mdomo, sikatai.

Ilikuwa miaka ya tisini. Wakaguzi wetu wengi walikuwa watu wa Unguja kama mie, wakimpa karani wa ofisini taarifa kwa simu. Nasi ukituuliza khabari, hata nyumba ikiwaka moto, twaanza na "salama". Mabaya hufuata. Programu ya zamani ilikuwa na nafasi moja tu ya hali ya mzigo, na karani akijaza neno la mwanzo alilolisikia.

Likaja kontena la baridi la insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari. Mkaguzi, Bwana Khalfan, akapiga simu: "Salama, alhamdulillahi. Lakini mashine ya baridi imezima." Karani akaandika salama, akakata simu. Khalfan alipoona dawa zinapakiwa, alikimbilia getini mwenyewe akalizuia lori. Juu ya hayo, Mudir akamsimamisha kazi.

Iliniuma sana. Khalfan ana mke na watoto mjini Sib.

"Alisema salama, hakusema?" Mudir akaniuliza.

"Kasema, na kasema na mengine. Programu ndiyo haina pahala pa mengine. Nipe wiki."

Nikaiandika upya. Hali ya mzigo nikaifanya aina yenye lebo: lazima iwe moja kati ya tatu, na kila lebo imebeba vyake. Mzima, pamoja na kipimo cha baridi. Umeharibika, pamoja na sababu. Haujakaguliwa, peke yake. "Salama" haimo, karani hana pa kuiandika. Na fomula ya kutoa mzigo lazima izijibu lebo zote. Ukisahau moja, kompaila, yaani kile kinachokagua maandishi yetu kabla hayajafanya kazi, inakataa.

Mbele ya Mudir nikafuta makusudi mstari wa Umeharibika. Kompaila ikagoma, ikataja lebo iliyokosekana.

"Hivi ndivyo Khalfan alivyofanya getini," nikasema. "Heri lawama kuliko fedheha."

Mudir akanyanyua simu. "Khalfan? Kesho njoo kazini."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ni programu gani nnayojivunia zaidi. Nimeandika nyingi zilizokwenda vizuri. Nnayojivunia ni ile iliyokataa kwenda.