Landlady alimnywesha sista yangu iodine, sasa anatoa ushuhuda

Wakuu, niaje. Hii ni ya kwetu nyumbani na siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa mbao, naishi mtaa wa Lindi, matatu moja tu kutoka kwa sista. Sista yangu Nafula hushona nguo Kawangware. Amepanga kwa mama mmoja, tumuite Mama Ushindi. Ploti ni yake, na kanisani yeye ndiye huongoza maombi.

Nafula amekuwa na kauvimbe shingoni tangu utotoni. Hakakuwa kanamsumbua. Lakini si mnajua tulivyofundishwa primary? Shingo ikivimba ni kukosa iodine, basi.

Mama Ushindi huuzia washirika matone ya iodine. Akawa anakuja kila asubuhi na kijiko, anaomba, anasimama hapo mpaka Nafula ameze.

Na wewe utamkatalia landlady?

Haikuchukua muda. Nafula akaanza kukonda na anakula kuniliko. Jasho hata kwa baridi ya Julai, moyo unakimbia akiwa amekaa tu. Mikono ikatetemeka hadi akashindwa kutia uzi kwa sindano. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Majirani wakaanza story za ukimwi.

Mama Ushindi akasema hiyo ni sumu inatoka. Akaongeza matone.

Siku alianguka hapo kwa cherehani nikampeleka hospitali. Daktari alipoona ile chupa ya matone niliyobeba akashika kichwa.

“Tezi yake ya shingoni ina vinundu,” akaniambia. “Ukiipa iodine nyingi inamwaga homoni kupita kiasi. Mlikuwa mnaongeza kuni kwa moto.”

Akasema wengine wanaugua hivyo kwa sababu kinga ya mwili yenyewe inachokoza tezi, na mara nyingi iko kwa familia. Kumbe si kila shingo ni iodine. Nilisikia uchungu, wakuu. Hakuna mtu alikuwa amempima hata damu.

Sasa yuko kwa dawa. Mwili umerudi kidogo, lakini moyo bado unaruka na cherehani imefunikwa na leso.

Jumapili iliyopita nikamsindikiza kanisani. Mama Ushindi akamvuta mbele, akamshika mkono.

“Mnamwona huyu? Matone yangu ndiyo yamemrudisha.”

Watu wakapiga makofi. Nafula akasema amina, kwa sababu bado analala kwa ile ploti. Nilikuwa bench ya mbele, nikaona vile mkono wake unatetemeka. Baada ya ibada watu wakapanga foleni ya chupa.

Nilichojifunza: shingo ikivimba, damu ipimwe kwanza, hata kama mwenye dawa ndiye mwenye nyumba.

Kuna mtu hapa amewahi kumkatalia landlord kitu kama hiki na akabaki na nyumba? Niambie ulisemaje. Jana Mama Ushindi amemletea Nafula chupa ingine.