Odero na Mafunjo Yanayohama

Kutoka landi za reli za Naivasha, zile nyumba za wafanyakazi, hadi ziwani hapakuwa mbali. Mtu alishuka tu nyuma ya mabohari, na kabla jasho halijamtoka alikuwa ameyaona maji. Nicodemus Odero hakupita hapo. Yeye kila Jumapili asiyokuwa na zamu alipanda kwanza kuelekea mjini, kama muumini anayewahi ibada, mwanzi wake wa kuvulia ameuvisha gunia ili watu waseme ni mti wa kuezekea. Kisha alizunguka kwenye mashamba, akakata nyasi na umande wake wote, akatokea ziwani amelowa mpaka mapajani. Njiani alikuwa akiinama mara kwa mara kufunga kamba za viatu, kumbe anachungulia kama kuna anayemfuata. Na viatu vyenyewe, tukisema ukweli, havikuwa na kamba.

Msimcheke mapema. Mtu huyu alikuwa na kazi nzito. Stesheni ile, yeye ndiye aliyevuta chuma cha kugeuza reli, gari la mizigo lisije likaingia njia ya abiria, na tangu alipotoka kwao Gem hakuwahi kukivuta vibaya hata siku moja. Lakini hilo halikumpa jina. Jina lake lilitokana na samaki. Katika landi nzima watu walikula ugali na mboga, mboga na ugali, halafu Jumapili jioni harufu ya samaki aina ya ngege ikatoka kwenye sufuria ya mkewe, Truphosa, ikapita ukuta baada ya ukuta. Watu walipomuuliza anawapata wapi, alisema samaki wa Naivasha wanamjua kwa jina. Naftaly, karani wa stoo, alijaribu kumfuata mwaka wa hamsini na sita. Odero alimzungusha mpaka adhuhuri, akamwacha kwenye tope akitazamana na kiboko. Hadithi hiyo Odero aliisimulia mwenyewe, na kila akiisimulia yule kiboko alinenepa.

Siri yake ilikuwa hivi. Zamani maji yalipopanda, ziwa lilimeza ua wa shamba la mzungu mmoja pamoja na miti iliyopandwa kando yake. Juu hakikubaki kitu cha kuonekana. Chini, kwenye vigingi na matawi yale, ngege walijazana. Odero alipajua kwa kutazama vitu viwili kwa pamoja: alitembea ukingoni mpaka bomba la moshi la nyumba ya pampu likaingia sawasawa kwenye pengo la mdomo wa mlima Longonot. Hapo aliingia majini mpaka magotini, akatupa ndoano. Pampu kila mtu aliiona. Longonot kila mtu aliuona. Hakuna aliyewaza kuvifungamanisha.

Sasa, ukuta mmoja tu ulimtenga Odero na Makokha, mtu wa Kimilili, wa genge la kutengeneza njia ya reli. Walifika Naivasha mwaka mmoja, wakagawana chumvi na makaa. Mtoto wa kwanza wa Odero alipofariki, Makokha ndiye aliyelichimba kaburi, siku ya mvua, akiyatoa maji shimoni kwa kopo, na baadaye hakumkumbusha hata kwa mzaha. Mwaka wa hamsini na saba taruma la chuma, lile linalobeba reli, lilimponyoka mwenzake likamwangukia Makokha mguuni. Akaambiwa akae nyumbani, kidonda kipone, halafu wakubwa watazame kama bado ni mtu wa kazi.

Odero alifanya lililompasa, au tuseme alilofikiri linampasa. Kila alipotoka ziwani alipitia mlango wa Makokha kwanza, akaacha samaki wanono, akabaki na wembamba. Nekoye, mke wa Makokha, alishukuru kwa mikono miwili. Mambo yakaenda hivyo kwa muda, mpaka Jumamosi moja Makokha alipomwita akae naye kibarazani.

"Ndugu yangu, samaki wako ni wazuri," alisema, "lakini siku hizi wananikwama."

"Uwe unatoa miiba kwanza, omera," Odero akamtania, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao.

Makokha hakucheka. "Watoto wangu wakisikia viatu vyako wanasema chakula kimekuja. Wakisikia fimbo yangu wananyamaza. Mguu umeharibika, Odero, mikono ninayo. Usiniletee tena samaki. Nionyeshe mahali."

Kutoa samaki hakukuwahi kumuuma Odero. Aliyetoa samaki Jumapili hii alikuwa bado Odero Jumapili ijayo. Lakini mahali pakishatoka mdomoni hapatarudi. Makokha atamwambia mtu wa genge, wa genge atamwambia shemeji yake, na Naftaly atafika na mwanzi mpya. Halafu Odero atakuwa nani? Mvuta chuma.

Basi akasema. Alimwambia ashuke njia ya pampu, afuate ukingo upande wa kulia mpaka aone kisiwa cha mafunjo kilicholala kama ng'ombe aliyepiga magoti, asimame mbele ya pua ya yule ng'ombe, atupe ndoano. Akamwazima na mwanzi wake wa pili.

Na hakudanganya. Jumamosi ile mafunjo yalikuwa hapo hapo, mbele ya ua uliozama. Ila mtu yeyote aliyelizoea ziwa lile anajua kwamba visiwa vya mafunjo havina mizizi ardhini. Vinaelea, na upepo ukivuma vinaondoka kama ng'ombe wasio na mchungaji. Odero alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alipiga hesabu kwamba Makokha atapata samaki Jumapili moja, pengine mbili, moyo wake utulie. Halafu upepo utaufunga mlango wenyewe, na hakuna atakayesema Odero alimnyima. Kuhusu bomba la moshi na pengo la Longonot hakutamka neno.

Upepo ulianza jioni ile ile. Odero aliyasikia mabati yakipigapiga, akaijua kazi inayofanyika huko ziwani. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kugonga ukuta na kusema maneno machache. Hakugonga. Asubuhi akaenda zamu.

Makokha alimkuta ng'ombe wake wa mafunjo amehamia mbali, mbele ya tope tupu. Akasimama mbele ya pua yake kama alivyoagizwa, mguu wenye kidonda ndani ya maji, kutwa nzima. Alirudi mikono mitupu akipita katikati ya landi. Naftaly alikuwa bombani na ndoo yake, akamuuliza kwa sauti kama samaki wanakuja na treni ya kesho. Makokha alimsalimu kwa adabu, akapita.

Odero alikwenda kwake jioni kusema mafunjo yamehama. Nekoye alimwambia mlangoni kwamba mwenye nyumba amelala. Jumapili iliyofuata Odero alipeleka samaki kama kawaida, na kabla Truphosa hajawasha moto Nekoye aliwarudisha wote.

"Amesema asante, shemeji," alisema, bila kumtazama usoni. "Amesema uwale na watoto wako."

Kidonda kilifumuka. Daktari alipokikagua tena, wakubwa walisema Makokha arudi kwao, kazi ya njia imemshinda. Labda mguu ungekataa hata bila maji yale. Odero aliishikilia hiyo labda usiku na mchana, na haikushikika.

Siku ya safari ilimkuta zamuni. Mikono yake ndiyo iliyoigeuza reli ili treni itakayomchukua Makokha iingie stesheni. Ilipokwisha kusimama, aliacha chuma chake, jambo asilolifanya maisha yake yote, akakimbia kando ya mabehewa mpaka akamwona Makokha dirishani, Nekoye na watoto nyuma yake juu ya mizigo.

"Mafunjo yalihama," Odero alisema.

"Niliyaona."

"Upepo uliyapeleka."

"Ulijua huwa yanahama?"

Watu walikuwa wakisukumana na matandiko na kuku. Odero angeweza kujifanya hakusikia.

"Nilijua," alisema.

Kisha akayamwaga yote: ua uliozama, nyumba ya pampu, bomba la moshi, pengo la mlima, maji ya magotini. Alionyesha kwa kidole, maana hata pale stesheni Longonot ulionekana, umejitanda wingu begani. Makokha aligeuka akautazama mlima ule kwa utaratibu, kama mtu anayeagana nao.

"Kwetu Kimilili hauonekani," alisema. "Mimi sina kazi nao sasa. Waambie wanaobaki."

Kengele ililia. Odero alirudi kwenye chuma chake mbio, maana treni ya mizigo ilikuwa nyuma.

Jumapili ya kwanza aliyopata nafasi, alitoka na mwanzi wake bila gunia. Akagonga mlango wa Naftaly, wa kwanza kabisa, na kugonga mlango ule kulimgharimu kuliko kitu kingine chochote. Naftaly alidhani anapelekwa tena kwa kiboko, akasita, mwishowe akafuata. Walishuka moja kwa moja nyuma ya mabohari. Odero alimsimamisha ukingoni, akamshika mabega akamgeuza mpaka bomba likaingia kwenye pengo.

"Na hayo mafunjo?" Naftaly aliuliza.

"Yaache. Wewe shika mlima."

Baada yake walikuja wa genge, kisha wapishi, kisha watu ambao Odero hakuwajua. Samaki walipungua, hilo tusifichane. Zilikuwepo Jumapili ambazo yeye mwenyewe alirudi na ngege mmoja wa kuchezea, na Truphosa akamuuliza kama hao ndio wanaomjua kwa jina. Kitu kimoja tu Odero alikisisitiza: mtu akiuliza mahali pale panaitwaje, aambiwe panaitwa Kwa Makokha.

Jina likashika. Waliohamia landi baadaye waliamini kwamba huyo Makokha alikuwa mvuvi hodari kuliko wote waliopata kuingia ziwa lile, na walimsimulia hivyo mbele ya Odero, kila mtu na chumvi yake. Odero, ambaye zamani asingemwachia mtu sifa ya samaki hata mmoja, alivuta mwanzi wake, akasema ndiyo, alikuwa hodari sana.