Ndege Aliyepigwa Mnada Jumapili ya Mavuno

Kavindu alijua kuna jambo kabla hajavua kofia ya kiwandani. Chumba cha nyuma, ambacho mpangaji mwingine yeyote wa mtaa wa Kiganjo, Thika, angekifanya stoo, kilikuwa na kelele zake za kila siku za finchi, ndege wadogo wa kufugwa, lakini katika kizimba cha pembeni, kile kilichofunikwa blanketi kuzuia upepo, jike alikuwa peke yake. Alikuwa anaita bila kupumzika. Mlango wa kizimba ulikuwa umefungwa vizuri, kwa hiyo si panya na si paka. Ni mtu.

"Baba Kyengo!" aliita. "Yule dume wa hapa yuko wapi?"

Mumewe, Mwau, alikuwa sebuleni na suti yake ya kanisa, anakunywa chai.

"Nimempeleka mavuno," alisema bila kuinua macho. "Wewe ulikuwa shifti, na mtu hawezi kwenda mikono mitupu Jumapili ya mavuno. Wenye shamba wameleta ndizi. Wenye kuku wameleta kuku. Sisi tuna ndege."

"Kati ya ndege wote hao, huyo?"

"Si wote ni kijani?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini kikiwa kimevaa suti na kinakunywa chai uliyopika mwenyewe.

Ni kweli wote walikuwa kijani: mgongo kijani, kifua zambarau, tumbo manjano, wazuri hadi wapita njia wakadhani amewapaka rangi. Lakini Kavindu alikuwa anatafuta buluu, na buluu ya finchi hawa hujificha. Ndege wa kijani huweza kuibeba katika damu maisha yake yote bila unyoya mmoja wa kuionyesha. Ni lazima baba na mama wote wawili wawe nayo, na hata hapo huenda isitoke. Makinda yote huzaliwa na rangi ya jivu, kwa hiyo mwaka jana aliuza makinda ya jozi ya kizimba cha pembeni na kubakisha mmoja tu, na yule mmoja alipobadilisha manyoya akatoka buluu tupu, buluu ya anga baada ya mvua. Kavindu aliita majirani waje kuona. Majirani wakaja, wakasema amempaka. Kabla mwezi haujaisha, baridi ya Julai ikamuua.

Waliouziwa wale wengine hakuweza kuwapata tena. Ikabaki ile jozi, dume na jike, ndege wawili tu aliokuwa na uhakika kwamba wana buluu ndani. Mwaka mzima aliwatunza kama mayai. Wiki hiyo dume alikuwa ameanza kucheza ngoma yake ya kumtaka jike, na Kavindu alikuwa tayari amewaandalia mayaya, wale finchi wa kahawia wapole ambao huatamia mayai ya wenzao bila kuuliza ni ya nani.

"Nani alimnunua?" aliuliza.

"Mama Kyengo, maji yakimwagika hayazoleki. Kilichotolewa kwa Bwana hakiombwi tena."

"Sijauliza kama kinaombwa. Nimeuliza nani alinunua."

Mwau akarudi kwenye chai yake. Kavindu akatoka, akaenda kwa Nzioki, mwenye kioski pale kona, ambaye kila mwaka ndiye hupiga mnada wa sadaka kanisani na sauti yake hukauka hadi Jumatano.

"Huyo ndege alipiganiwa kweli!" Nzioki alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Alichukuliwa na mgeni, Trizah Aoko, fundi wa nguo wa Ruiru. Ana chumba nyuma ya stesheni. Alisema atamtundika nje ya duka, wateja wamwone."

Nje. Manyunyu yalikuwa yananyesha tangu asubuhi. Kavindu alijua ndege huyo akilala nje usiku mmoja wa namna hiyo, kesho wataokota manyoya.

Alirudi nyumbani mbio. Lakini hakwenda kuchukua mwavuli. Alifungua kizimba kikubwa, akamshika dume mwingine wa kijani, mzuri tu, asiye na buluu ndani, akamtia ndani ya kiondo na kufunga leso juu. Mwau alikuwa amesimama mlangoni, na aliona yote.

"Kavindu," alisema. Si Mama Kyengo, Kavindu. "Usiende."

Akaenda.

Ruiru, nyuma ya stesheni, kizimba alikiona kabla ya kuuona mlango. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari chini ya mabati, na matone yalikuwa yanaruka hadi kwenye vyuma vyake. Dume alikuwa amejikunja na kujivimbisha, macho nusu yamefumba. Kavindu alimjua papo hapo, kama mama anavyojua mapacha wake. Watu wengine huona wawili wanaofanana.

"Karibu, mum! Si uingie, huko ni baridi." Trizah alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tepi ya kupimia bado shingoni ingawa ilikuwa Jumapili.

"Mimi natoka Thika, kule kanisani," Kavindu alisema. "Nafuga hawa ndege. Nimekuja kuona kama huyu ametulia. Lakini hakai nje, binti yangu. Usiku huu atakufa."

"Woi! Mimi sikujua, aki." Trizah akakishusha kizimba kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza karibu na cherehani. "Keti, mum. Wacha nikuletee chai, jiko iko huko nyuma kwa plot."

Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini Kavindu hakuhitaji hata siku moja. Alifungua leso. Alipoingiza mkono kizimbani dume aliruka mara mbili kabla hajamshika, na alipomshika akasikia kamoyo kale kakipiga ndani ya kiganja chake. Akamtia kwenye kiondo. Akamwingiza yule mwingine kizimbani, akafunga mlango, akafunga leso. Yule mwingine akapanda kwenye kijiti na kujikung'uta, kana kwamba amezaliwa pale. Nyayo zikasikika. Kavindu akakiweka kiondo katikati ya miguu yake, akakunja mikono kama muumini.

Trizah alimmiminia chai. "Na mimi hata sikuwa na mpango wa kununua ndege," alisema. "Ni yule mzee alinifanya nilie."

"Mzee gani?"

"Si yule alimleta. Alisimama kushuhudia. Alisema mwezi wa pili bibi yake alipasuliwa tumbo, akalala siku nyingi bila kujijua, mpaka daktari akamwambia aite watoto. Sasa huyo mzee akaenda nyumba kulisha ndege za bibi, na pale mbele ya vizimba akaambia Mungu: mwache huyu mwanamke, na mimi nitakupa kile anapenda kuliko vyote humu ndani." Trizah alicheka kidogo. "Akasema amekawia kulipa kwa sababu anaogopa bibi. Watu wakacheka sana. Lakini yeye alikuwa analia, mum. Akasema hawa ndege wanafanana, lakini huyu ndiye ana buluu ndani, na huyo ndiye bibi yake anangojea. Hiyo ya buluu mimi sikuelewa."

Kavindu alishika kikombe bila kunywa. Miaka yote Mwau hajawahi kumuuliza swali moja kuhusu ndege. Alidhani anawamwagia mtama tu na kufunga mlango. Kumbe alijua. Alikuwa amesimama mbele ya vizimba, akachagua. Kavindu aliona hasira, akaona aibu.

Ndani ya kiondo, kucha zilikwaruza.

"Unamjua huyo bibi?" Trizah aliuliza.

"Ni mimi."

Akakiweka kiondo juu ya meza, akafungua leso. Alieleza yote bila kujipamba: yupi ni yupi, alivyombadilisha chai ikichemka. Trizah alitazama kiondo, akatazama kizimba, akaweka mkono mdomoni.

"Mchukue, mum," alisema mwishowe. "Kwani mimi nitajua tofauti gani? Ama ulete huyo jike hapa, wazae."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu kweli. Kuiba kulikuwa rahisi zaidi. Kavindu hakuwa mtu wa kuamini kwamba Mungu huzunguka Thika akidai finchi. Lakini Mwau aliamini, na siku ile hakuwa na kingine mkononi cha kutoa kwa ajili ya uhai wa mkewe.

"Hapana," alisema. "Nadhiri haifungwi kamba ili baadaye uivute."

Akawabadilisha tena, safari hii polepole. Akamwonyesha Trizah mahali pasipo upepo, akamwambia amfunike ndege jua likizama na asimtundike nje mpaka Septemba. Kisha akatoka haraka, kwa sababu alijijua.

Aliporudi Thika, Mwau alikuwa getini, bado na suti, mabega yamelowa. Alifunua kiondo, akamtazama ndege mara moja tu.

"Hukumchukua," alisema.

"Nimekasirika, Mwau. Nimekasirika sana, na wiki hii usitarajie mazuri."

"Sawa."

Katika chumba cha nyuma, jike alikuwa bado anaita. Wote wawili walimsikia.

"Na kama Mungu angekataa?" Kavindu aliuliza. "Kama ningekufa?"

Mwau alifikiri kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo zamani.

"Ningefungua vizimba vyote," alisema. "Singeweza kusikia hata mmoja akiimba mle ndani."

Kavindu akalia pale pale getini, majirani wakiangalia.