Mapipa ya Dawa ya Ng'ombe

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa muuguzi Msambweni. Wakati mmoja tulifundishwa kwa wiki nzima, pamoja na askari polisi, namna ya kukabili ajali za sumu. Mwalimu alisisitiza kwamba penye ajali mtu mmoja tu, yule aliyefunzwa atakayefika wa kwanza, ndiye atoe amri.

Haukupita mwezi, lori lililobeba dawa ya kuogeshea ng'ombe likapinduka karibu na Kinondo. Dereva alitoka mzima, lakini vifuniko vya mapipa vilifyatuka na dawa ikamwagika. Kati ya tuliofunzwa nilifika wa kwanza, kwa hiyo amri zikawa zangu. Nilirudisha watu nyuma, nikafunga kamba kuzunguka lori.

Bibi mmoja alikuwa ameshakumbatia pipa.

"Mwanangu, niachie hili nikawekee maji. Nitalisuuza vizuri."

"Bibi, sumu hii haitoki kwa kusuuza. Liweke chini, uje nikunawishe mikono kwa sabuni."

Aliliweka kwa hasira.

Kisha chifu akaja, akainua kamba apite.

"Shikamoo, mzee. Naomba ubaki huko huko."

"Marahaba. Mimi ndiye chifu hapa."

"Ndiyo, mzee. Lakini kwa ajali hii amri ni yangu."

Chifu aliiachia kamba, akaniuliza anisaidie nini. Nilimwomba vijana wa kuchimba shimo, mbali na visima.

Kabla ya magharibi askari tuliofunzwa nao walifika, wakayatoboa mapipa yote kwa sururu yasije yakatumika tena, wakayazika. Hakuna aliyeugua. Bibi yule aliondoka bila kuniaga, nami sikujuta hata kidogo.