Alama Moja ya Sista Dorica

Saa mbili asubuhi, pikipiki inasimama mbele ya kituo cha afya cha Kamphelo, wilayani Dedza, Malawi. Anashuka kijana asiyejulikana hapa, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, bahasha ya kaki mkononi.

"Namtafuta mtaalamu, Bi Dorica Mkwezalamba."

Kina mama kwenye benchi wanatazamana, kisha wanacheka. "Mtaalamu yuko chumba cha uzazi, anapiga deki," mmoja anajibu.

Sista Dorica, mkunga mwenye umri wa miaka 54, anatoka akijifuta mikono kwenye aproni. Utaalamu aliupata Februari, chuo kimoja cha Lilongwe kilipomwandikia kwamba yumo katika watu thelathini watakaoamua wakunga wasaidizi wafundishwe nini.

Watu hao hawakutani wala hawajuani. Kila mmoja anajaza fomu alipo. Majibu yanajumlishwa, wote wanaonyeshwa wenzao wamesemaje, wanajaza tena, hadi wakaribiane. Ujuzi unaopewa alama saba hadi tisa na watu ishirini na mmoja unaingia kwenye mtaala. Usiofika hapo unafutwa.

Hii ni raundi ya tatu, ya mwisho. Mtandao umekatika Kamphelo tangu Jumatatu, ndiyo maana mjumbe huyu, Limbani Chisale, ametumwa. Fomu inatakiwa Lilongwe leo saa nane mchana.

Sista Dorica anaifungua akiwa amesimama, mguu mmoja tayari umeelekea mlangoni. Kidole kinashuka hadi kipengele cha arobaini na moja, alichokipendekeza yeye mwenyewe: kutomwacha mama mwenye uchungu peke yake. Waliokipa alama za juu ni ishirini, pungufu ya mmoja. Kando yake imechapwa alama aliyotoa yeye. Moja.

Anarudi kuisoma.

"Nilikiweka namba moja," anasema. "Cha kwanza. Darasani wa kwanza si ndiye namba moja?"

"Kwenye fomu hii tisa ndiyo ya juu, amayi," anasema Limbani, akimwita mama kwa Kichewa.

"Sasa naona."

Raundi ya pili aliijaza katikati ya kuzalisha kina mama watatu, bila kusoma ukurasa wa maelekezo. Vipengele vyote sitini na vinne vimekaa kichwa chini miguu juu. Kuvirekebisha, na kueleza sababu ya kila badiliko, ni kazi ya saa nzima. Fomu yenye pengo haipokelewi, na asiporudisha, alama zake za zamani ndizo zitakazobaki.

Chini ya kipengele hicho, mtaalamu asiyetajwa jina ameandika: "Huu ni wema, si ujuzi. Haupimiki."

"Aje apimie hapa," anasema Sista Dorica.

Mwaka 1996, akiwa mgeni kazini, alimwacha mama mmoja dakika ishirini ili aandike rejista. Aliporudi, mtoto alikuwa amezaliwa sakafuni, na alikuwa hapumui. "Rejista niliijaza vizuri sana," anasema. "Haikuwa na kosa hata moja."

Kamphelo ina wakunga wawili, na kina mama karibu tisini hujifungua hapa kwa mwezi. Leo mwenzake yuko msibani Ntcheu. Ndani yuko Tawina, miaka 19, mimba ya kwanza, amekuja bila ndugu. Alipofika alfajiri aliuliza swali moja tu: utaniacha? Sista alimjibu kwamba uchungu ukikaza hatoki.

Sauti inamwita kutoka ndani. Bahasha inabaki kwenye benchi; ndani mikono yote miwili ina kazi.

Limbani anatembea huku na huku uani. Anakataa uji, kisha anaunywa. Saa nne kasorobo anasogea mlangoni, mwisho wa pale mwanamume anaporuhusiwa kufika.

"Amayi, nitajie alama, mimi niandike."

"Alama ni siri, mwanangu. Tulisaini."

"Basi toka kidogo tu."

"Kidogo ndicho kilichoniponza."

"Saa nne na nusu naondoka. Kuna vituo viwili bado vinanisubiri."

"Nenda. Wasije wakakukata mshahara kwa ajili yangu."

Septemba wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wataletwa Kamphelo kwa mazoezi. Ameshawatayarishia viti viwili vya mbao, vya kukalia kando ya kitanda. "Wakija kwangu watakaa," anasema, "iwe imeandikwa au haikuandikwa. Lakini wanaopelekwa kwingine nani atawaambia?"

Saa nne na nusu inapita. Limbani anasubiri dakika kumi zaidi, anatazama mlango, anatazama bahasha. Pikipiki inawaka.

Kutoka nyuma ya pazia Tawina anasikika, pumzi zikimkatika.

"Sista, yule anaondoka. Nenda kajaze karatasi zako, nitajikaza."

"Nilikuambia nini alfajiri?"

"Hutoki."

Mlio wa pikipiki unashuka mteremko, unafifia. Ndani kunasikika kiti cha mbao kikivutwa karibu zaidi na kitanda.