Mama Kivuli Anangoja Jua la Upande wa Pili

Saa mbili asubuhi. Nje jua limekwisha kuwa kali, lakini chumba cha ofisi anachokaa Mama Kivuli kina giza, pazia limevutwa hadi mwisho. Ameisogelea kompyuta, pua karibu iguse kioo. Mbele yake umetandazwa uso wa mwezi, picha ya setilaiti, makovu matupu kama mtu aliyepona ndui.

"Hili shimo," anasema, akibofya. "Hili jiwe. Hili... ngoja kwanza."

Anaigeuza picha juu chini, ndipo anaandika.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa siku hupitia picha sitini, na kila umbo la ajabu hulipatia jina: shimo, kilima, jiwe, ufa. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na tisa studio, akisafisha picha za harusi na vitambulisho. "Makunyanzi ya watu nayajua kuliko yangu," anasema.

Wiki ya kwanza aliaibika. Aliandika vilima arobaini. Msimamizi akaja taratibu: "Dada, vyote hivi ni mashimo."

Studio taa hutoka juu. Kwenye picha zile jua lilitoka chini. Jicho lililozoea taa ya juu huliona shimo limevimba. Tangu siku hiyo hataji kitu kabla hajatazama kivuli na kuuliza jua liko wapi. Jina la Mama Kivuli likaanzia hapo.

Mwezi uliopita ilikuja picha yenye kitu cheusi, kimesimama wima, pembe nne. Ikavuja, ikasambaa kwenye simu za watu: mlango mwezini.

"Mama Kivuli, umewabishia hodi?" anamtania mwenzake wa meza ya pili.

"Nimebisha. Wametoka, funguo wameacha kwa jirani."

Anacheka, kisha anatoa simu. Kuna ujumbe wa bintiye, ulioingia wiki iliyopita. Kabla yake, miaka mitatu binti huyo hakuandika hata neno.

"Mama, ni mlango kweli?"

Waligombana siku binti alipoaga kwenda kufanya kazi mji wa mbali. Mama alifoka, binti akafunga begi bila kugeuka. Mama akasoma kiburi. "Nikamwambia, ukitoka usirudi." Baadaye dada wa Mama Kivuli, aliyemsindikiza binti kituoni, akamweleza kwamba mtoto alilia njia nzima.

Mama Kivuli anaifuta miwani kwa upindo wa gauni, ingawa haina vumbi.

"Nilimwona amevimba. Kumbe amebonyea."

Ujumbe ule alikaa nao kutwa. Moyoni alijua ni kivuli cha jiwe. Lakini akishajibu "jiwe", binti ataandika nini tena? Na kudanganya hawezi, kazi yenyewe haimruhusu. Akakumbuka kanuni ya ofisi: kitu chenye utata hakitiwi sahihi mpaka kipigwe picha ya pili, jua likiwa upande mwingine. Na jua la mwezini halina haraka, kutoka asubuhi yake hadi jioni yake ni kama wiki mbili zetu.

Akaandika: "Nadhani ni jiwe, mwanangu. Uhakika baada ya siku kumi na mbili."

Kesho yake simu ikalia. "Bado?"

"Bado."

"Umekula lakini?"

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya tano binti alituma picha ya chumba chake. Mama aliikuza, akahesabu: kitanda kimoja, kikombe kimoja, dirisha upande wa kushoto.

Picha ya pili inafika Alhamisi. Mwenzake anamuuliza atafanyaje swali likishaisha.

"Nitamwambia ukweli, ni jiwe," anasema. "Halafu nitamwambia picha yenyewe ni kubwa, haiingii kwenye simu. Aje aione hapa."

Nauli ya kuja ameshaiulizia. Kitanda cha binti kilichokuwa kimebebeshwa maboksi amekitoa vitu vyote, amekitandika. Kilichobaki ni jua kuvuka.